Nilihesabu Wagonjwa Nami Nikiugua

Kama unasoma haya huku umeupa mlango mgongo ili wa nyumbani wasione, basi wewe ndiye niliyekuwa nakufikiria nilipoketi kuandika. Mimi si daktari. Siwezi kukueleza ugonjwa huu unatoka wapi, wala kwa nini ulinijia mie ukamwacha dada yangu. Ninachoweza ni kukusimulia ulivyonipata, nilivyouficha, na ulivyoniachia, kwa kadiri ulivyoniachia.

Naitwa Asumini. Wazazi wangu walitoka kusini, upande wa Newala, wakahamia Temeke nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nilimaliza darasa la nane miaka michache baada ya uhuru, na kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nilikuwa napata vibarua vya ukarani mara hapa mara pale. Niliolewa na Rashidi, fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo, tukakaa kwa mama yake, Bi Somoe. Alikuwa mjane mwembamba, asiyesema sana, anayefagia uwanja mara tatu kwa siku.

Zuhura, mtoto wetu wa kwanza, alikuwa na miezi minne Rashidi aliporudi kutoka kazini na habari kwamba makarani wanatafutwa. Kazi yenyewe ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kuuliza watu habari za maradhi ya akili. Sikuipenda. Lakini tangu nijifungue nilikuwa siwezi kukaa chumbani peke yangu bila moyo kunienda mbio, na nilidhani nikitoka nitapona.

Tulifundishwa siku tatu katika darasa la shule ya msingi, watu wazima tumejibana kwenye madawati ya watoto. Mwalimu wetu alikuwa Daktari Mbwilo, mtu mfupi, mpole, aliyekuwa akifuta ubao kwa kiganja.

"Watu wanamiminika mjini kutoka kila mkoa," alituambia. "Hatujui wangapi wanaumwa akili, maana tunaowaona hospitali ni wale waliofungwa kamba wakaletwa. Wengine wamo majumbani. Tutawahesabu sasa. Baada ya miaka kadhaa tutarudi nyumba zilezile, tujue ugonjwa umeongezeka, umepungua, au uko palepale."

Bwana Kapinga, mwalimu mstaafu kutoka Songea ambaye nilipangwa kufanya naye kazi, aliinua mkono. "Na mtu akificha, Daktari?"

"Wataficha. Ndiyo maana nawaomba muulize kwa upole. Mtu mmoja akificha, hesabu nzima inasema uongo kidogo."

Akaanza kutusomea maswali, nasi tukiyanakili. Je, unalala vibaya? Je, unashtuka kwa urahisi? Je, unalia kuliko zamani? Je, chakula hakina ladha tena? Nilikuwa naandika, na kila swali likipita nilijijibu moyoni: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kisha akasoma lingine: Je, umewahi kusikia mtu akikusemesha, ukigeuka hayupo?

Kalamu yangu ilisimama.

Wiki ileile, nikianua nepi uani, nilisikia mtu akiniita kwa jina la utotoni, jina ambalo marehemu mama yangu peke yake alikuwa akilitumia. Niligeuka mara tatu. Uani kulikuwa na kuku tu. Nilianua nepi zote, hata zilizokuwa mbichi, nikaingia ndani, nikakaa nyuma ya mlango mpaka Bi Somoe aliporudi kutoka dukani.

Tulianzia Manzese. Utaratibu ulikuwa kuingia kila nyumba ya tano, tukiongozwa na balozi wa nyumba kumi. Watu hawakututaka. Miaka ile watu wa mashamba walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, na huku mjini mtu asiye na kazi maalumu alikuwa hana raha akiona karatasi mkononi mwa mgeni. Mwanamume mmoja alisimama mlangoni, mkono mmoja huku, mkono mmoja kule.

"Mnaandika majina ya nini? Ili mje mtupakie kwenye malori?"

"Hatuna lori, ndugu yangu," Bwana Kapinga akamjibu. "Tuna miguu tu, na yenyewe imechoka."

Yule bwana akacheka, akatupisha. Akatuambia nyumba nzima ni wazima wa afya. Chumba cha uani kulikuwa na mtu anaimba wimbo mmoja bila kukoma, na kila sauti ilipopanda, yule bwana naye alipandisha yake. Tuliandika: hakuna.

Siku zile nilijifunza namna watu wanavyoficha. Mama anajibu kabla hujamaliza kuuliza. Baba anacheka pasipo na kichekesho. Kuna mlango unavutwa polepole. Nilizishika namna zote hizo kichwani, na si kwa ajili ya kazi.

Nyumba moja tulimkuta Bi Chausiku, mpika vitumbua, mama wa makamo. Yeye hakuficha kitu. Nilipofika kwenye swali la sauti alifuta mikono kwenye kanga akasema, "Nasikia, mwanangu. Marehemu mume wangu hunikumbusha kufunga mlango. Simwogopi, ni mume wangu." Kisha akanitazama. "Na wewe? Wewe unaambiwa nini?"

Bwana Kapinga aliinua macho kutoka kwenye fomu yake.

"Mie kazi yangu kuuliza tu, mama," nikasema, nikacheka. Nilijisikia nikicheka kama yule bwana wa mlangoni.

"Haya. Ila nimeona unasikiliza nyuma yangu, wakati nyuma yangu ni ukuta."

Nilimuaga vibaya, nikatoka. Alikuwa amesema kweli. Ile sauti iliyokuwa ikiniita jina sasa ilikuwa na maneno. Ilisema, Mtoto si wako. Ilisema, Wanakuja kumchukua. Haikupiga kelele. Ilisema taratibu, kama mtu anayekuambia ni saa ngapi, na ndiyo maana niliiamini.

Mwili nao ulibadilika. Gauni la kazi nililibana kiunoni mara mbili kwa sindano na uzi. Nywele zilitoka na kitana. Maziwa yalipungua, kisha yakakatika, Zuhura akawa ananyonya huku analia. Bi Somoe alinipikia supu ya kuku kila Ijumaa, na mimi nilikuwa naimwaga nyuma ya choo, kwa kuwa niliambiwa ndani yake kuna kitu. Narudisha bakuli tupu, namwambia, "Ahsante mama, nimeshiba." Naye ananitazama mifupa ya shingo.

Mwezi wa pili wa kazi tulihamia Temeke. Makarani walibadilishana mitaa ili mtu asiulize majirani zake, lakini kuhesabu nyumba hakumjui mtu. Asubuhi moja, siku yangu ya mapumziko, nilisikia hodi. Alikuwa Bwana Kapinga na balozi wetu. Bwana Kapinga alinyoosha kidole mtaani kama anayeomba radhi.

"Ndugu Asumini, nimehesabu mara mbili. Ya tano ni hii ya kwenu."

Tukakaa barazani. Rashidi alikuwa kazini. Bi Somoe alikuwa amempakata Zuhura hatua mbili kutoka hapo. Bwana Kapinga alinisomea maswali ambayo nilikuwa nayajua kama sala, nami nikajibu hapana, hapana, hapana. Nilijitahidi nisijibu haraka. Nilijitahidi nisicheke. Mikono niliikalia. Alipofika kwenye swali la sauti, ile sauti ikasema sikioni, Ukikubali tu, mtoto ameondoka.

"Hapana," nikasema.

Bwana Kapinga aliweka kalamu chini. "Fomu hii naweza kuirudia kesho. Siyo lazima tuimalize leo."

"Imalize leo, mwalimu."

Akaandika. Bi Somoe naye aliulizwa, akajibu hapana zote kwa mkato, akaingia ndani na mtoto. Kwa hiyo katika hesabu ya mwaka ule nyumba yetu iliandikwa nyumba ya watu wazima wa afya. Mpaka leo nikisikia mtu anataja idadi ya wagonjwa wa kitu fulani, najiuliza ni akina nani walikalia mikono yao.

Masika yakaanza. Niliacha kwenda kazini, nikamtumia Bwana Kapinga salamu kwamba naumwa tumbo. Asubuhi moja mvua ilikuwa inanyesha mfululizo, Bi Somoe yuko jikoni upande wa pili wa uwanja, mimi nimebaki ndani na Zuhura. Sauti ikaniambia mtoto anaungua. Nikamgusa, nikamwona wa moto kweli. Ikaniambia mtoe nje, mweke kwenye pipa la maji, atapoa.

Naliandika hili kwa sababu ndilo ambalo wewe huwezi kulisema. Nilimbeba nikatoka. Nilisimama mbele ya pipa lililokuwa chini ya mfereji wa bati, limejaa hadi ukingoni. Nilisimama kitambo, sijui kirefu namna gani. Zuhura alinishika sikio, kama alivyozoea akitaka kulala, na mkono wake ulikuwa baridi. Ulikuwa baridi kama samaki. Nikatambua kwamba mmoja kati yetu anadanganya, na si mtoto.

Nilikimbia kuvuka uwanja. Bi Somoe alikuwa anapuliza moto.

"Mama, mchukue. Mchukue mtoto, asikae na mie."

"Una nini, Asumini?"

"Mchukue, mama! Nitamuua!"

Alimchukua. Alinitazama kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akimtazama mtu, kisha akaingia jikoni, akasukuma mlango, nikasikia komeo. Nikabaki nje kwenye mvua. Sikulia. Nilijisikia kama mtu aliyetua mzigo, na papo hapo nikaogopa kwamba sitaruhusiwa kuubeba tena.

Rashidi alipigiwa simu kiwandani na balozi, akaja mchana ule. Ndugu zake wakakutana. Mjomba wake alisema nirudishwe kwetu. Shangazi yake alisema nimetupiwa jini, nipelekwe kwa mganga kule Chanika. Rashidi alikuwa na miaka ishirini na sita, hajui ashike lipi. Akashika la shangazi.

Nilikaa Chanika siku tisa. Nilifukizwa, nikanyweshwa, nikachanjwa kifuani. Yule mganga hakuwa mtu mbaya. Siku ya tisa alimwita Rashidi, akasema mbele yangu, "Huyu dawa zangu hazimpati. Anakonda tu. Mpeleke hospitali kubwa, na ukichelewa usije ukaniuliza." Wapo waganga wasiosema hivyo. Namshukuru.

Kliniki ya akili ilikuwa na ukumbi mrefu wenye mabenchi yaliyotazamana, kwa hiyo hukuwa na mahali pa kuficha uso. Tulifika alfajiri, tukaketi mpaka jua likawa kichwani. Mbele yangu kijana alikuwa amefungwa mikono kwa kanga na kaka zake wawili. Kando yangu mama mmoja mnene alikuwa anatafuna karanga, akanipa bila kuniuliza lolote. Nilizishika mkononi mpaka zikalowa jasho. Kila mlango ulipofunguliwa nilijua nimeitwa kuuawa. Rashidi alinishika kifundo cha mkono muda wote, hakukiachia hata alipokuwa anapenga kamasi.

Mlango ukafunguliwa, akatoka Daktari Mbwilo. Akaniona. Uso ukamchangamka.

"Ndugu Asumini! Umepona tumbo? Umeniletea fomu za Manzese?"

Ukumbi mzima ulinitazama.

"Hapana, Daktari," nikasema. "Nimejileta mwenyewe."

Ndani nilimwambia yote, na nililoanza nalo halikuwa sauti wala pipa la maji. Nilianza na ile fomu. Nililia kwa ajili ya fomu. Nilimwambia nimeharibu hesabu yake.

"Tusianze na hiyo," alisema. "Tuanze na usingizi. Lini mara ya mwisho ulilala?"

Nilijaribu kukumbuka, nikashindwa.

Nililazwa majuma sita. Vidonge vya mwanzo vilinilaza kama gogo. Kisha vikaja vingine vilivyonikaza shingo mpaka nikawa natazama dari nisitake, ulimi ukawa mzito, udenda ukanitoka mbele za watu. Niliona kwamba nimekuwa yule ambaye watu humcheka mitaani. Nesi mmoja wa zamu ya asubuhi, dada mrefu kutoka Bukoba, alikuwa akiniwekea uji wangu kando umefunikwa, kwa kuwa mikono ilitetemeka na niliona haya kunywa pamoja na wengine. Alinishikia kikombe kila siku kama vile hajui ananifanyia jambo. Nilipopewa dawa ya kulegeza shingo alifurahi kuliko mimi.

"Leo umenitazama usoni," alisema. "Kumbe una macho mazuri, wee!"

Rashidi alikuja kila Jumapili. Juma la tatu alimleta Zuhura. Tulikutana kibarazani kwa kuwa watoto hawakuruhusiwa wodini. Nilinyoosha mikono yangu inayotetemeka, mtoto akanitazama, akageuka, akajificha shingoni mwa baba yake, akapiga ukelele. Rashidi alisema ana usingizi. Sote wawili tulijua hana usingizi. Bi Somoe hakuja hata siku moja.

Nilirudi nyumbani mvua zimekwisha, nikiwa nimenenepa hata viatu havinienei. Sauti ilikuwa imepungua, ikawa kama redio ya jirani: unajua inasema, huyasikii maneno. Nikawa naenda kuchomwa sindano moja kila mwezi, na kwa muda mrefu kalenda yangu ilikuwa hiyo. Sindano ya pili, mjomba alimwambia Rashidi aoe mke mwingine, Rashidi akamjibu, "Mjomba, mimi gari likiharibika nalitengeneza." Nilichukia kufananishwa na gari, lakini jibu lenyewe nililipokea. Sindano ya nne, vuli ilianza, na nilipika ubwabwa wa kwanza bila kuunguza. Sindano ya saba, ule wakati wa unga wa njano wa msaada na foleni za sukari, nilisimama kwenye duka la ushirika saa nzima katikati ya watu bila kukimbia.

Lakini mtoto sikuachiwa. Bi Somoe hakunitukana, hakunisimanga. Alikuwepo tu. Nikimwogesha Zuhura, yuko mlangoni. Nikimlaza, anakaa kitandani. Maji ndani ya nyumba yaliwekwa kwenye mitungi yenye mdomo mwembamba, pipa likaondolewa. Nilijua ana haki. Bado, kila alipokohoa nyuma yangu nilikuwa natamani ardhi ipasuke. Nilikuwa namwogopa kuliko nilivyoiogopa ile sauti.

Kisha nikafanya kosa ambalo nakuomba usilifanye. Baada ya sindano ya kumi na moja nilijiona mzima. Nilikuwa nimechoka na unene, nimechoka na benchi, nimechoka kukutana na watu wa mtaani wanaojua nakwenda wapi. Nikaacha. Mwezi wa kwanza nilipungua mwili, nikafurahi. Mwezi wa tatu, nikipepeta mchele, niliitwa jina la utotoni.

Safari hii sikugeuka. Niliweka ungo chini, nikaenda mpaka alipokuwa amekaa mama mkwe wangu, nikamwambia, "Mama, imerudi. Nisindikize hospitali."

Nilidhani atamwita Rashidi. Alivaa baibui akanisindikiza mwenyewe. Tulikaa kwenye lile benchi mabega yamegusana, hakusema neno kutwa nzima. Nilipoitwa tu ndipo alisema, "Nipe mkoba nikushikie." Nilirudia dawa, na sijaacha tena. Daktari Mbwilo alinipunguzia kipimo kidogo kidogo, na udenda na mtetemeko navyo vikapungua. Siku moja nilimwomba anitafutie ile fomu yangu niisahihishe. Alitikisa kichwa.

"Kila fomu ni ya siku yake. Siku ile ulijibu ulivyoweza. Tutakuja tena."

Walikuja tena Zuhura akiwa darasa la kwanza, baada ya vita kwisha, wakati mji umejaa watu kuliko zamani. Bwana Kapinga alikuwa amerudi kwao Songea. Aliyepiga hodi alikuwa karani msichana aitwaye Neema, mtu wa Singida, na namna alivyokumbatia fomu zake kifuani nilimjua ni mgeni wa kazi. Alimwamkia Bi Somoe shikamoo mara mbili.

"Nyumba hii iliulizwa mara ya kwanza," alisema, "kwa hiyo tumerudi kwa watu walewale."

Moyo ulianza kunienda mbio kama zamani. Naomba uelewe kwamba hofu haikuwa imekwisha. Rashidi alikuwapo siku hiyo, amekaa kwenye kigoda. Bi Somoe alikuwa chini mkekani, anachambua dagaa. Nilijua mtaa ule maneno hayakai ndani ya ukuta. Nilijua Zuhura ataulizwa shuleni. Neema aliuliza, nami nikajibu. Siku za karibuni nalala vizuri. Chakula nakula. Akafika.

"Je, umewahi kusikia mtu akikusemesha, ukigeuka hayupo?"

"Ndiyo," nikasema.

Kalamu yake ilisita. "Ndiyo, dada?"

"Ndiyo. Andika. Naumwa, natibiwa, nina nafuu. Miaka ile nilidanganya."

Rashidi alishusha pumzi. Hakuna kilichoanguka. Nje watu walikuwa wanapita na madumu ya maji. Neema aliandika kwa mwandiko mkubwa, akanishukuru, akageuza ukurasa.

"Na wewe, bibi. Unaniruhusu nikuulize?"

"Uliza," Bi Somoe alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye dagaa. Akajibu hapana ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa mkato kama alivyofanya zamani. Kisha swali la sauti. Nilisubiri hapana yake. Haikuja. Vidole vyake viliendelea kutenga vichwa vya dagaa upande mmoja.

"Unauliza sasa, au hata zamani?"

"Hata zamani, bibi."

"Zamani nilisikia." Alimnyooshea Rashidi kidevu. "Nilipomzaa huyu. Walinipeleka shambani, kwenye kibanda cha kulindia mazao yasiliwe na nguruwe, wakanifunga mguu kwenye nguzo. Nilikaa masika na kiangazi. Mama yangu alikuwa ananisukumia chakula kwa ufito, kwa maana waliambiwa wasinisogelee. Nilipotoka, huyu alikuwa anatembea."

"Mama," Rashidi akasema. "Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia vipi?" Kisha akanigeukia mimi. Katika miaka yote ile nilikuwa nimeyakwepa macho yake, sikuwa nimeona kwamba naye alikuwa anayakwepa yangu. "Siku ile uliponiletea mtoto kwenye mvua, uliniogopesha, Asumini. Niliweka komeo, nikakaa nyuma yake natetemeka. Mimi sikuwa na wa kumpa mtoto. Mimi huyu nilimwangusha."

Neema alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi, machozi yanamtoka, hajui kama karani anaruhusiwa kulia.

"Niandike, bibi?" aliuliza.

"Andika. Kisha nisomee nisikie."

Neema aliandika, akasoma kwa sauti ndogo: jina, umri wa kukisia, mtaa, na lile jibu. Bi Somoe alisikiliza hadi mwisho, ameinamisha kichwa upande kama anayehakikisha hakuna neno lililoachwa.

"Ndivyo," akasema.

Nilihama kwenye kiti changu, nikakaa naye mkekani, nikaanza kumsaidia kuchambua.